Kibao Kisichosamehe

Leo fundi ameleta kitanda cha mtoto wangu. Harufu ya gundi na mbao iliyopigwa randa imeniamshia hasira ya zamani, wala haijapoa.

Nilikuwa mdogo, bendera ya mkoloni bado inapepea Mwanza. Kwenye ukumbi wa mtaa wetu wavulana walicheza mpira wa meza, sisi wasichana tukawaokotea mipira. Kinara wao aliipiga makusudi mpaka mferejini, kisha akaniambia, "Kaokote, dada."

Nikamwomba baba, seremala, anichongee kibao cha kupigia mpira. Alichonga viwili, akavigonga kwa kidole karibu na sikio langu. Cha kwanza kililia kwa sauti nzito.

"Hiki cha kuzuia," alisema.

Cha pili kililia kwa sauti ya juu, kali.

"Hiki cha kushambulia. Ila hakisamehe, mama. Ukikosea kidogo, mpira uko nje."

"Nipe hicho hicho kisichosamehe."

Nilipiga mpira ukutani kila jioni mpaka kiganja kikaota sugu. Nilipomwita yule kinara mezani alicheka, akakubali. Nikamfunga mbele ya wenzake wote. Mpira wa mwisho ulimpita kwapani, ukatoka mlangoni, ukatumbukia mferejini.

Nilisubiri mpaka aliponitazama.

"Kaokote, kaka."