Mchanga wa Pwani

Mwezi uliopita, rafiki yangu, mwanangu aliegemea ukingo wa baraza letu jipya hapa Bunju. Kinguzo kimoja cha zege kikakatika, akaanguka nacho. Alhamdulillahi, aliangukia kwenye majani, akainuka na mchubuko wa kiwiko tu. Nikaokota kipande. Nondo ya ndani ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki kama njiti ya kiberiti. Nikakigusa kwa ulimi. Chumvi!

Ujanja ule niliujua, kwa sababu niliwahi kuufanya mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na bibi yangu Bagamoyo. Babu alipofariki aliacha kalibu za chuma za kumiminia zege, na bibi akazichukua. Alimimina vinguzo vya baraza, vyungu vya maua, matofali ya matundu. Naikumbuka harufu ya saruji mbichi ikichanganyika na ya mihogo ya nazi jikoni, na mlio wa mwiko wake ukikwangua karai. Kazi zangu zilikuwa kupaka kalibu mafuta, kumwagilia magunia yaliyofunika vinguzo, na kuchota mchanga kijitoni. Kijito kilikuwa mbali. Pwani ilikuwa nyuma ya nyumba.

Jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake, akaagiza vinguzo ishirini vya baraza. Siku moja jua lilikuwa kali, nikachota ndoo zote pwani. Sikumwambia mtu.

Siku moja kabla ya harusi, magunia yameshafunuliwa na vinguzo vimekauka, bibi aliona unga mweupe juu yake. Akakilamba kimoja. Akanitazama.

"Mchanga umeutoa wapi?"

Nilianza kulia kabla sijajibu. Hakunipiga. Aliingia ndani, akatoka na nyundo, akaanza kuvunja. Kimoja, cha pili, cha tatu. Jirani akaja mbio, hata salamu akasahau.

"Dada, una wazimu? Harusi kesho!"

"Harusi itapita, kaka. Chumvi itabaki humo inakula chuma, mpaka siku mtoto wa mtu aegemee."

Akavunja vyote ishirini. Sijawahi kushtuka vile. Nilidhani atasema ni kosa langu, lakini mbele ya jirani alisema, "Nimekosea mimi." Harusi ikafanyika kwenye baraza lisilo na ukingo, na jirani alinuna wiki nzima. Alfajiri ya siku iliyofuata harusi bibi alinishika mkono, tukaenda kijitoni pamoja, kila mtu na ndoo yake. Tulikwenda hivyo hadi vinguzo ishirini vipya vikatimia.

Juzi nilikwenda Bagamoyo kuutazama uwanja wa bibi. Sasa ni maegesho ya magari ya wageni. Kalibu ziliuzwa kama vyuma chakavu. Baraza la jirani lingalipo, na vinguzo vyake havina hata ufa. Nilimwonyesha binamu yangu, aliyezaliwa baada yangu na kukulia mtaa huohuo.

"Ndiyo, navijua," akasema. "Si kazi za babu hizi?"

"Za bibi."

Akacheka, akidhani namtania. "Bibi? Bibi yetu alikuwa anamimina zege?"

Miaka yote ile, mikono ile iliyopasuka kwa saruji, na hata damu yake haimjui.