Taa Iliyobaki Majini

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sitaandika kwa mapambo. Nitaandika nani alifanya nini. Majina nayaacha kwa sababu wana watoto mashuleni, lakini wenyewe wakisoma watajijua.

Mtaa wetu ulikuwa chini kabisa ufukweni, upande wa Ujiji. Mimi na dada yangu mkubwa tulianika dagaa pale tangu tukiwa wasichana. Ziwa lilipoanza kupanda, watu wa mazingira walituletea mradi. Walipima siku mbili, wakapigilia vigingi vyekundu, wakaitisha mkutano. Upande wa juu wa vigingi, walisema, zitawekwa taa za sola, vichanja vipya vya kuanikia na majiko yasiyomaliza kuni. Upande wa chini hapawekwi kitu, hapo ni pa ziwa. Wanaokaa chini watapewa viwanja mlimani.

Afisa alikuwa mwanamke mdogo kuliko sisi, mpole. Alionyesha kigingi kilichokuwa nyuma ya choo chetu. "Shikamooni mama zangu. Maji yatafika hapa."

"Yanafuata nini chooni?" dada yangu akauliza. Mkutano mzima ukaangua kicheko.

Mwenyekiti wetu wa mtaa hakucheka. Siku ya tatu, alfajiri, alipita mlango kwa mlango. "Kigingi kina mizizi?"

"Hakina, Mwenyekiti."

"Basi kinahama."

Tuliving'oa vyote tukavishusha hadi kwenye mchanga, ili mtaa wetu uhesabiwe kuwa wa juu. Mimi nilibeba viwili begani. Dada yangu alishika nyundo. Tulicheka njia nzima, kama watoto walioingia shamba la miwa la mtu.

Mkandarasi alipofika na nguzo zake aliangalia chini. "Mbona udongo huu mbichi?" Mwenyekiti akamwambia panya wa huku ni wakubwa. Tulimpikia samaki, migebuka kwa mawese. Alikula akashiba, akachimbia nguzo pale pale tulipotaka. Alijua. Mtu anayechimba mashimo kila siku hadanganywi na shimo. Nguzo ya mwisho ilisimama mbele ya jiko langu, hatua chache tu kutoka majini.

Taa zile hazikuwa na swichi. Giza likiingia, zinawaka zenyewe. Manahodha wakazizoea upesi, wakaambiana hadi vijiji vya kusini: taa ya mwisho ndiyo mchanga, elekeza pua hapo. Na sisi viwanja vya mlimani hatukuvifuata. Nani aache mwanga akaanze upya gizani?

Ziwa halikuja kwa kelele. Asubuhi moja niliamka sufuria zinaelea, zinagongana polepole. Kabla ya msimu wa mvua kuisha tulikuwa tumepanga chumba Gungu, mbali na maji. Nyumba yangu ilikuwa ya tofali mbichi, ikayeyuka. Ukuta wa jiko niliujenga kwa mawe na saruji, huo ulibaki na uwazi wa mlango wake, maji yakaufunika. Taa nyingine zilibaki nchi kavu. Ile ya mwisho ikawa ziwani, peke yake, na kwa kuwa betri yake ilikuwa juu karibu na paneli, haikuzimika. Kila magharibi iliwaka, kwa watu ambao hawakuwepo.

Nilikuwa nashuka kwenda kuitazama. Dagaa hufuata mwanga, ndivyo tunavyowavua. Niliwaona wamejaa pale kwangu. Walikuwa wakiingia mlango wa jiko na kutoka, wakiingia na kutoka, kimya kabisa, kama watu waliokuja msibani wakakuta wenyeji hawapo. Hakuna mvuvi aliyetupa wavu pale. Hakuna aliyesema kwa nini.

Nilimwendea Mwenyekiti. "Shikamoo, Mwenyekiti. Ile taa itolewe. Siku moja mtu ataifuata."

"Marahaba. Mama, ile ni mali ya mradi. Nikiripoti kwamba iko majini, wataniuliza kigingi kilikuwa wapi." Akanitazama. "Au utakwenda kuwaeleza wewe uliyebeba viwili?"

Nikarudi Gungu. Nilinyamaza, na hilo naliandika pia.

Baadaye mimi na dada tulikwenda kusini kununua dagaa. Tulirudi kwa mtumbwi wa mashine. Nahodha alikuwa mtu wa huko kusini. Kama saa tisa mchana mawingu yalifunga, mvua ikashuka, mchana ukazimika. Mawimbi yalikuwa yanatumwagia maji hadi magotini.

"Mama, mnashukia wapi?" nahodha alipiga kelele. "Nchi siioni!"

Ndipo ile taa ikawaka. Mchana, saa tisa. Nyeupe, imetulia, kila kitu kinayumba yenyewe haiyumbi.

"Ile ya kwetu," dada akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

Mimi nilijua iko majini. Nilikuwa nimesimama ukingoni jioni nyingi nikiitazama. Lakini naapa nilisikia harufu ya moshi wa jiko langu, pale juu ya maji, ndani ya mvua. Nikasema, "Elekea taa ile. Tumefika."

Ukuta wa jiko langu ulipasua mtumbwi katikati. Dada alisema "Yebaba we!" mara moja tu, magunia yakamfuata chini. Nahodha aliogelea. Mimi niliikumbatia nguzo, miguu yangu ikiwa juu ya ukuta wangu mwenyewe. Mvua ilipopita, maji yalitulia, taa ikaendelea kuwaka juu ya kichwa changu. Nilimwona dada chini kama namwona kwenye kioo. Kitenge chake kilikuwa kimefunguka. Dagaa walikuwa wameanza kumzunguka.

Tulimzika kesho yake. Jioni ile ile taa iliwaka.

Siku ya nne nilichukua kopo la lami, ile ya kuzibia mitumbwi, na ngazi ya mwanzi. Nahodha yule yule alinipeleka kwa mtumbwi wa kuazima akanishikia ngazi. Niliipaka paneli yote hadi pembeni, betri isile jua tena. Magharibi ikawaka kama kawaida. Magharibi ya pili ikawaka manjano.

Asubuhi Mwenyekiti alinifuata Gungu. "Umeharibu mali ya umma. Nakuandika."

"Niandike. Mimi nakwenda kwa yule afisa wa vigingi."

Nilikwenda. Nilimweleza nani aligonga milango, nani alikula migebuka akafumba macho, nani alibeba viwili, nani alimwambia nahodha elekea taa ile. Aliandika bila kuinua kichwa. Kisha akauliza, "Na marehemu?"

"Nyundo," nikasema. Akaandika na hilo.

Jioni ya tatu nilikaa ukingoni. Jua lilizama upande wa Kongo, maji yakawa meusi, nguzo ikabaki nguzo. Mtumbwi ulipita mbali kidogo, ukaenda kutafuta mahali pengine pa kutua. Wavuvi walikuwa wanamtukana aliyezima taa, mama yake na ukoo wake wote. Niliwasikiliza, nikahesabu. Sauti nne. Zilipofika nchi kavu nikahesabu tena. Zilikuwa nne.