Kukata Simu Bila Kukosa Adabu

Shangazi yangu alitumia maisha yake yote ya ajira katika chumba kisicho na dirisha, chini ya ngazi za hospitali kubwa, akiwa amevaa visikizio na mbele yake ubao wa simu wenye taa ndogo ndogo. Kila taa iliyowaka ilikuwa mtu: mke anayemtafuta mumewe wodini, mgonjwa anayeuliza kama daktari amefika, daktari anayedai aunganishwe upesi na chumba cha upasuaji. Yeye aliwapokea wote kwa sauti moja isiyo na haraka, kisha akaamua nani aunganishwe na nani asubiri. Ubao ule uling'olewa zamani. Mtaani kwetu, hata hivyo, bado anaitwa Opareta, na sina hakika kama wengi wanalijua jina lake jingine.

Nimejaribu mara kadhaa kueleza ni mtu wa namna gani, na kila mara naona nimempunguza au nimemwongeza. Si mpole. Hana subira ya kumwacha mtu amalize sentensi ambayo yeye ameshaujua mwisho wake. Akikutembelea atapanga upya sufuria zako, atafungua madirisha uliyoyafunga kwa makusudi, kisha atakuuliza mbona umekonda. Huenda alichowafanyia wazee wa kliniki yetu kilitokana na huruma. Huenda kilitokana na ule mwaka wa kwanza wa kustaafu, alipokuwa akiamka alfajiri na kuvaa viatu bila kuwa na pa kwenda. Sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Ninachokijua ni kwamba jambo lenyewe lilianzia kwenye jicho la baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa.

Baba ni fundi saa. Mtoto wa jicho alipomwingia macho yote mawili, hakulalamika. Alianza tu kukataa saa za kike, halafu saa zote za mkononi, akabaki na za ukutani, na mwishowe akawa anakaa dukani mikono imelala juu ya meza, akizisikiliza. Daktari alisema upasuaji utamrudishia uoni wake. Bima ya afya, ambayo Baba anaipata kupitia kazi yangu, ingelipia: jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye.

Asubuhi ya miadi, mhudumu wa mapokezi alitazama kompyuta, akatutazama sisi, akaitazama tena kompyuta.

"Baba, jicho la kulia limeshapasuliwa."

"La nani?"

"Lako. Hapa inaonyesha lilipasuliwa kwenye kituo kingine, na bima imeshalipa. Haiwezi kulipia jicho hilo hilo mara ya pili."

"Binti yangu," Baba akasema kwa upole mkubwa, "lilipopasuliwa, mimi nilikuwa wapi?"

Mhudumu akatafuta kitufe cha kubonyeza, asikione. Tukarudi nyumbani, Baba akinishika kiwiko kila tulipofika kwenye ngazi.

Shangazi alitukuta mezani. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Kaka, nani alikupigia simu?"

Sikuwa nimewaza kabisa kuhusu simu. Baba aliikumbuka.

"Kijana mmoja. Aliniamkia vizuri. 'Shikamoo baba, macho yanaendeleaje?' Nikamwambia yananisumbua. Akanipa pole. Akasema kadi zote za bima zinahakikiwa, nimtajie namba. Nikamwita jirani akanisomea. Halafu ukaingia ujumbe wenye tarakimu, akaziomba na hizo."

"Na wewe ukampa."

"Ningemkatalia vipi mtoto aliyenipa pole?"

"Ungekata simu!"

"Nimkatie simu mtu aliyeniamkia, nami nikamwitikia marahaba? Hivi wewe umelelewa nyumba gani?"

"Hiyo hiyo uliyolelewa wewe. Na nimewakatia simu madaktari bingwa."

"Ndiyo maana ulichelewa kuolewa."

Walicheka wote wawili, ingawa Baba ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Siku zilizofuata zilikuwa za kupanga foleni. Bahati yetu ilikuwa kwamba jicho lenyewe lingeweza kutoa ushahidi. Shangazi alitaka lipimwe na daktari, naye daktari akalimulika, akathibitisha kwa maandishi kwamba lenzi aliyozaliwa nayo Baba bado imo na jicho halijawahi kuguswa na kisu. Ofisi ya bima ilikubali kuchunguza. Kadi ya zamani ikafungwa, ikatolewa mpya. Ofisa aliyetuhudumia alitueleza waziwazi: waliotumia kadi ya kwanza bado wana namba ya simu ya Baba, na watajaribu tena. Kadi mpya ikitumiwa vibaya kabla uchunguzi haujaisha, huduma zote zitasimamishwa mpaka kila kitu kieleweke, na hakuna ajuaye hilo litachukua muda gani. Daktari naye alikuwa ameshatuonya kwamba mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi huwa mgumu kuondoa. Kwa maneno mengine, uoni wa Baba ulikuwa unategemea kitu kimoja: atasema nini simu itakapoita.

Hapo ndipo Shangazi alipoamua kuwa tatizo si la Baba peke yake. Siku ya kliniki ya sukari na presha, wazee hukaa kwenye mabenchi ya korido wakisubiri kuitwa. Alisimama mbele yao bila kuombwa.

"Kadi ya bima ni kama mswaki," alitangaza. "Haiazimwi, na hapewi mtu wa njiani hata akiwa na tabasamu. Anayekuja kugawa vifaa vya magoti bure halafu anataka kupiga picha kadi yako, hana haja na magoti yako. Anayekupigia akitaka namba, kata. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" benchi likaitika.

Shangazi akaaga, akazunguka nyuma ya jengo na simu yake. Nilimfuata. Alikohoa kidogo, na koo lake likatoa sauti ya msichana ambaye sijawahi kumwona.

"Shikamoo bibi. Samahani kwa usumbufu. Umeshakunywa chai?"

Muda si mrefu alikuwa amepata namba za kadi za karibu benchi zima. Alirudi koridoni kwa hatua nzito, amekunja uso, akamwendea mshonaji mmoja ambaye wote humwita Mama Mapazia.

"Wewe! Nimetoka kukuonya sasa hivi!"

"Nilijua ni wewe," Mama Mapazia akasema.

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Uliniuliza vizuri."

Korido yote ikaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi nilitaka kukata, Opareta. Kidole kikakataa. Umeniuliza habari ya mgongo wangu. Wanangu wenyewe hawaniulizi."

Nakumbuka nikiwa nimesimama pale mlangoni, nikijaribu kuelewa nilichokiona. Nilikuwa nimedhani, kama wengi wa rika langu wanavyodhani, kwamba wazee hutapeliwa kwa kuwa hawajui. Hawa walijua. Walikuwa wameonywa muda mfupi uliopita, na mwingine aliitambua hata sauti. Kilichowashinda ni kutoka ndani ya mazungumzo. Maisha yao yote wamefundishwa kwamba aliyekusalimu ana haki kwako, na kwamba kumwacha mtu katikati ya maneno yake ni kumdhalilisha. Tapeli anaifahamu adabu hiyo na anaitumia kama ufunguo. Sikuwa na hakika, na hadi leo sina, kama tunayo haki ya kuwaomba waiache.

Shangazi hakuwa na mashaka ya aina hiyo. "Kata tu!" alikuwa akirudia. "Bonyeza!"

"Kwa nini tukate tu?" Baba akauliza. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, uso umeelekea mahali ambapo sauti ya dada yake ilikuwa. "Dukani kwangu mteja akija kudai saa ambayo haijawa tayari, simfukuzi. Namwambia, 'Nenda kwa amani, nitakupigia mwenyewe.' Anaondoka hana kinyongo, na saa inabaki mezani."

Shangazi alifungua mdomo kumkatiza, kisha, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zangu, akaufunga.

Tangu siku hiyo mafunzo yakabadilika. Sentensi ilikuwa moja, na kila mzee aliisema kwa ladha yake: "Nimekusikia mwanangu, nitapiga mwenyewe, ubaki salama." Ukishasema "ubaki salama" umeaga, na mtu aliyeaga anaruhusiwa kuondoka. Baada ya hapo unapiga namba iliyochapwa nyuma ya kadi, na si ile aliyotumia mpigaji wala ile anayokutajia. Kama alikuwa mwizi, umemwepuka. Kama alikuwa mtu wa bima kweli, utampata huko huko ofisini, na hakuna kilichoharibika. Shangazi aliendelea kuwapigia kwa sauti mbalimbali, ya kijana, ya daktari mwenye haraka, ya mtoto wa ndugu aliyepotea, na dereva wa malori akafika mahali pa kumwambia, "Ubaki salama, Opareta, na ukanywe dawa zako."

Baba alikuwa mwanafunzi dhaifu. Kila mara alipofika kwenye "nitapiga mwenyewe," Shangazi alimuuliza jambo jingine la kheri, naye akajibu.

Simu yenyewe iliita mchana mmoja dukani. Shangazi alikuwa akifuta vumbi kwenye saa ambazo hakuna aliyemwomba azifute, nami nilikuwa nimeleta chakula cha Baba. Baba aliiweka simu kwenye spika, kama alivyoagizwa.

"Shikamoo baba." Sauti ya msichana, ya heshima. "Nakupigia kutoka ofisi ya bima, kuhusu jicho lako."

"Marahaba."

"Pole sana na usumbufu ulioupata. Kabla hatujaendelea naomba unithibitishie namba ya kadi yako mpya."

Shangazi aliganda, kitambaa mkononi. Baba alilamba midomo.

"Nimekusikia mwanangu. Nitapiga mwenyewe."

"Haitachukua muda, baba. Ni kwamba nafasi ya upasuaji ni ya—"

"Ubaki salama," Baba akasema, akabonyeza.

Shangazi alipiga makofi mpaka jirani akachungulia. Baba hakufurahi hata kidogo. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama kitu alichokiangusha.

"Nimemkatia katikati ya neno."

"Umefanya vizuri, Kaka!"

"Alisema nafasi," nikasema. "Shangazi, kama alikuwa wa kweli?"

"Na yule mwizi alijua habari za jicho pia," Shangazi akajibu. Lakini alishaichukua kadi, ameshaigeuza. "Piga. Nakusomea. Kuzungumza utazungumza mwenyewe."

Alimsomea tarakimu moja moja, kwa ile sauti yake ya chumba cha chini ya ngazi. Muziki wa kusubiri ulipigwa kwa muda mrefu. Baba alieleza shida yake kwa mtu wa kwanza, akaunganishwa na wa pili, na mara tukaisikia ile sauti ya msichana.

"Baba? Ni mimi niliyekupigia sasa hivi."

"Ni wewe niliyekukatia?"

"Ni mimi. Na wenzangu hapa wananicheka."

"Nisamehe sana, mwanangu."

"Usiniombe msamaha, baba. Ulifanya sawa. Mimi ndiye niliyekosea, namba ya kadi sikupaswa kukuuliza kwa simu. Kumbukumbu zako zimesahihishwa, kile kituo kinachunguzwa. Jicho la kulia limepangiwa Jumanne asubuhi. Uje na mtu wa kukusindikiza, na usile kitu kabla ya kuja."

Baba alirudia: Jumanne, asubuhi, bila kula. Nilimwona akiufumbua mkono mmoja na kuulaza juu ya meza, mahali zana zake zinapokaa. Shangazi, aliyeona kwamba lililohitajika limeshapatikana, alianza kumwashiria akate, kidole kikipita shingoni, akasahau kwamba haonekani, kisha akamgusa bega.

"Mwanangu, nyumbani kwenu hawajambo?" Baba alikuwa akiuliza. "Wazazi wako wazima?"

"Kaka," Shangazi akanong'ona, "imetosha, kata."

Baba aliifunika simu kwa kiganja.

"Huyu nimempigia mimi," akasema. "Niache nimalize salamu zangu."