Ujumbe wa Kirafiki

Nikisikia mtu anasema jambo liandikwe "kirafiki," naomba kazi hiyo apewe mtu mwingine. Neno hilo nililipata kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Tarime mjini, tulikoitwa kutengeneza programu ya simu ya kuwasaidia vijana kupata huduma za afya ya uzazi. Mimi ni nesi, mtu wa Singida. Serikali ilinipangia zahanati ya kijijini upande wa Serengeti, njia ya kwenda Busawe, na wakati huo nilikuwa nimekwisha kaa huko miaka sita. Waliniita kwa sababu, walisema, mimi ndiye ninayewajua watumiaji.

Wataalamu walikuja kutoka Dar, vijana wenye viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilivishughulikia siku ya kwanza tu. Walijaza ukuta mzima vikaratasi vya rangi. Asubuhi nzima ilikwisha wakibishana kama msichana wa kuchorwa kwenye ukurasa wa mbele awe amesuka au ameachia nywele. Mchana ukaenda kwenye rangi, zambarau au waridi. Sambusa zilipita, soda zikapita. Hakuna aliyeuliza simu ya msichana wa kijijini inashinda wapi mchana kutwa. Na mimi niliyejua sikusema, maana nilikuwa nakula sambusa.

Siku ya pili nikapewa kazi yangu. Vijana wengi hawana bando, kwa hiyo programu ingewakumbusha tarehe zao kwa ujumbe mfupi wa kawaida, nami nikaambiwa niuandike. Niliandika: "Kumbuka miadi yako." Wakasema ni mkavu mno, kijana hataelewa ni miadi ya nini, hebu niuweke wazi zaidi na uwe wa kirafiki. Nikakaa kona nikaandika: "Habari mrembo! Zimebaki siku tatu uchome sindano yako ya uzazi wa mpango. Karibu zahanati, tunakupenda!" Wakapiga makofi. Mmoja akasema nina kipaji. Sitaki kudanganya, nilivimba kichwa, na njia nzima ya kurudi Mugumu, makao ya wilaya yetu, niliyarudia yale maneno moyoni.

Sasa niseme kile ambacho sikukisema ukumbini. Kijijini kwetu nguzo za umeme zimefika barabarani, ila nyumba nyingi hazijavuta waya. Simu zinachajiwa kwenye kibanda kimoja pale sokoni, cha baba mmoja wa makamo, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Unaiacha simu asubuhi, anaibandika kipande cha plasta chenye namba yako, unaichukua jioni. Inashinda ikiwa imewashwa. Ikiita anapokea: "Mwenyewe yuko shamba, nimwambie nini?" Ujumbe ukiingia anausoma, na akimwona mwenye simu au ndugu yake anapita sokoni, utasikia anaitwa kwa namba yake na kusomewa palepale. Watu wanamshukuru kwa hilo. Kuna mama aliwahi msiba wa kaka yake ng'ambo ya mpaka wa Sirari kwa sababu ya huyo baba. Ukiweka neno la siri kwenye simu, watu wanakuuliza unaficha nini, naye anakurudishia akisema safari nyingine uifungue, atakusaidiaje. Hata yangu ilikuwa inashinda pale, maana sola ya zahanati ilikuwa ya friji ya chanjo. Nilikuwa namba kumi na saba.

Yule binti alikuja zahanati wiki ya pili baada ya programu kuanza. Alikuwa na miaka kumi na minane, kidato cha nne, mwenye mwendo wa haraka kama mtu aliyetumwa. Dada yake mkubwa aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito, na baba yao alikuwa amesema wazi kwamba huyu naye akionekana na jambo la wanaume, shule itakuwa imekwisha. Yeye alitaka kitu kimoja tu, afike kwenye chumba cha mtihani wa mwisho. Alikuwa na rafiki, hakunificha, na hakutaka kubahatisha. Nilimchoma sindano, kisha nikamwomba simu yake nimsajili. Simu hiyo alinunuliwa na shangazi yake wa Isebania, upande wa Kenya.

"Sista, hizo meseji mtu mwingine anaweza kuziona?" akaniuliza.

Kwenye semina tulikuwa tumefundishwa jibu la swali hilo, na nilimpa kama nilivyopewa.

"Hapana, mdogo wangu. Ni kati yako na simu yako."

Akanipa simu. Nyuma ilikuwa na plasta. Thelathini na moja. Niliiona kwa macho yangu haya, na bado nikabonyeza.

Sindano ile ni ya miezi mitatu. Ilipokaribia kwisha, ujumbe uliingia, siku ya mnada, wakati wanaume wametoka kuuza ng'ombe na wamejaa pale kibandani wakingoja simu zao. Baba yake yule binti alikuwamo. Yule mwenye kibanda alinisimulia mwenyewe jioni hiyo, nilipokwenda kuchukua yangu, na alisimulia kwa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Nesi, ule ujumbe wenu nimeufikisha. Nimemwita baba yake, nikausoma wote, nikamwambia, mura, ndugu yangu, mhimize mtoto asichelewe, siku zenyewe ni tatu tu."

"Umeusoma wote?"

"Wote. Mpaka pale mnapompenda. Watu wamecheka sana pale."

Sikuweza kumchukia. Ningependa, ingekuwa rahisi.

Asubuhi nikaenda kwao binti. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anasokota kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso.

"Wewe nesi," akasema, "meseji inasema mnampenda. Nani huyo anayempenda? Mimi nilijua nasomesha mtoto. Kumbe nasomesha mke wa watu, na soko lote limeambiwa kabla yangu."

"Mzee, anajikinga ili asome. Mtihani umebaki wiki tano."

"Shangazi yake anakuja kumchukua. Huko Isebania atafanya kazi, akipatikana mwanamume ataolewa. Sina ugomvi na wewe. Nenda kazini kwako."

Binti alikuwa amekaa nyuma ya jikoni anapukuchua mahindi. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba. Alinisindikiza mpaka kwenye ua, kwa adabu ileile ya siku zote.

"Sista, uliniambia ni kati yangu na simu yangu."

Nikanyoosha mkono nimtazame lile jicho, akageuza uso.

"Yako ni namba kumi na saba," akasema. "Huwa naiona pale, karibu na ya kwangu."

Akarudi kwenye mahindi yake. Nimetukanwa na wagonjwa, nimetemewa mate na mlevi mwenye jeraha, lakini sijawahi kuambiwa neno likanikaa namna ile. Nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikaenda ofisi ya kata, wote wakasema watafuatilia, na huenda walikusudia kweli. Shangazi alifika Jumanne kwa pikipiki, akaondoka naye. Wenzake walipoingia kwenye mtihani, dawati lake lilikuwa na karatasi yenye namba yake ya mtihani na hapakuwa na mtu.

Mwisho wa mwezi ule tukaitwa tena hotelini kufanya tathmini. Niliwaeleza yote, na safari hii nilitaja kibanda, plasta na mnada. Mmoja wao alisikitika, akaandika kwenye kikaratasi cha njano, "Usiri: changamoto upande wa mtumiaji," akakibandika ukutani pamoja na vingine. Mwingine akashauri tuongeze somo la kuwafundisha vijana wasiache simu zao ovyo. Kisha wakawasha projekta ukutani tuone maendeleo, na pale kwenye safu ya kijiji chetu, mbele ya ule ujumbe, palikuwa na alama ya kijani: umemfikia mtumiaji. Ulihesabiwa miongoni mwa jumbe zilizofanikiwa. Nilitoka nikaenda kunawa uso kwenye sinki la chooni.

Niliporudi nikawaomba kitu kidogo tu, wafute ile namba ya simu ya binti. Kijana wa viatu vyeupe akaniangalia kwa huruma.

"Dada, tungependa. Lakini kwa ajili ya kulinda usiri wake, ni mwenyewe tu anayeweza kujitoa, akiwa na simu yake mkononi."

Nilikaa. Sambusa zikapita, nikachukua mbili. Nalisema hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii huniona mimi ndiye mwema ndani yake.

Simu ilibaki kwa baba yake. Anaitumia kuulizia bei ya ng'ombe, na asubuhi anaiacha kibandani kama kila mtu. Programu inahesabu miezi yake yenyewe, haichoki na haiulizi. Miezi mingine mitatu ilipotimia, nilikwenda jioni kuchukua namba kumi na saba, yule baba mwenye kibanda akanipa, kisha akaishika nyingine mkononi, thelathini na moja, akashusha sauti yake kubwa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya.

"Nesi, mrembo ameitwa tena. Maneno ni yaleyale. Safari hii sijamsomea mtu." Akaigeuza ile simu nione kioo. "Aliyeandika haya hajui kwamba mtoto hayupo? Kama unamfahamu, mwambie."

Nikamwambia ninamfahamu.