Maji ya Chumvi kwa Migomba ya Mutembei

Msimcheke Klaudia. Nani kati yenu hajawahi kuosha kidonda cha mtoto kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi? Naye aliiuguza migomba yake hivyo hivyo, maana kule Nshamba mgomba haupandwi tu, unalelewa.

Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umekimaliza kibanja chake, shamba la migomba lililoizunguka nyumba. Yaliyobaki na uhai ni mashina machache kando ya kaburi la mumewe, Mutembei, aliyoyapanda mwenyewe mwaka aliomwoa. Hayo ndiyo aliyotaka yapone. Mengine, alisema, Mungu ayachukue.

Nuriat, mtafiti kijana kutoka Bukoba mjini, alimletea chupa ya dawa ya majaribio: vidonge vidogo mno kuonekana kwa macho, vikielea majini kama maziwa mepesi, kila kimoja kimevikwa ganda jembamba la plastiki, dawa iko ndani. Alimwambia avichanganye na maji safi, kisha amwagilie mizizini. Maji safi! Kwa mwanamke aliyelea watoto sita, maji safi ni yaliyochemka. Klaudia hakungoja yapoe, akavikoroga yakingali moto. Na chumvi akatia kiganja kizima, kwa huruma tu, kisha akamwagilia yalipofika uvuguvugu.

Majani yakazidi kugeuka manjano. Nuriat aliporudi aliuliza maji yalikuwaje, na Klaudia akamweleza yote, tena kwa fahari kidogo. Binti wa watu akachota mchanganyiko uliobaki kwenye ndoo, akautazama kwa hadubini yake, kisha akaeleza polepole: chumvi hulilainisha lile ganda, na likishalainika, joto hulikunja likajibana. Vidonge vilikuwa vimesinyaa, maganda yamekuwa manene, dawa imefungiwa humo humo.

“Nikiviosha kwa maji baridi, mwanangu, vitafunguka?”

“Havifunguki tena, mama. Na chupa ilikuwa ile moja tu.”

Jamani, inauma! Heri angekosea kwa uzembe, angalau tungepata la kumlaumu. Huyu alikosea kwa mapenzi.

Mgomba mgonjwa lazima ung'olewe, usije ukaambukiza vibanja vya majirani, na Klaudia alilijua hilo. Aliomba aanze mwenyewe. Akakata shina moja, la pili, lakini alipofika lile la kichwani pa kaburi, akaliweka panga chini. Akaivuta ndoo, akayamimina yale masalio taratibu kwenye mizizi, huku akimwomba Mutembei msamaha. Nuriat hakumkataza. Alingoja ndoo iishe, kisha akaliokota panga.