Dole Gumba la Mama

Juzi, ofisini kwa mtendaji wa kata, bibi mmoja alikuwa akijifuta wino kwenye dole gumba, nami nikajiona tena wodini Shinyanga, mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, mkono umefungwa dripu, pua imejaa harufu ya spiriti.

Daktari alimsomea mama karatasi ya kukubali niingizwe kwenye majaribio ya dawa.

"Umeelewa, Mama Kabula?"

"Nimeelewa." Akabonyeza dole gumba.

Baba aliwahi kubonyeza vilevile mnadani, na ng'ombe wetu akaswagwa, hakurudi tena.

Leo najua mama angeweza kunitoa kwenye utafiti siku yoyote. Siku ile nilijua nimeuzwa, na dripu haikuniruhusu kukimbia.

Mama alitoka, akarudi na soda, ambayo kwetu ilikuwa ya Krismasi tu. Niliinywa kidogokidogo, nikimkodolea macho, nisije nikaisahau sura yake.