Swichi Nne Mfukoni mwa Kanzu

Chekeni tu, mimi nimeshachoka kujicheka. Kazi yangu ni kuchapa nyaraka ofisini Kilindoni, nikaamua kujitengenezea kibodi yangu mwenyewe. Swichi, yaani vile vidude vinavyokaa chini ya kila herufi, nilitaka ziwe kimya, lakini ukibonyeza, kidole kihisi kinundu katikati. Muuzaji wa Dar akanitumia nne za kujaribia, zimepachikwa kwenye kibao cha ukubwa wa kiberiti.

Ijumaa nikaenda nacho hitimani Ndagoni, nyumbani kwa Mzee Shomari, baba wa binti niliyemposa na bado sijajibiwa. Watu wakaanza kuvuta uradi kimyakimya, kila mmoja akihesabu dhikiri zake kwa tasbihi. Mimi nimefumba macho, mkono mfukoni mwa kanzu, nabonyeza huku nikinong'ona: "Hii nzito. Hii laini mno. Hii ina kinundu."

Nilipofumbua macho, Mzee Shomari alikuwa akinitazama kwa upole. Akamwambia jirani yake, "Vijana wa siku hizi tasbihi zao za mashine, lakini huyu angalau anamkumbuka Mola."

Ningeweza kukanusha. Badala yake nikainamisha kichwa, nikazidi kubonyeza kwa unyenyekevu.

Uradi ulipokwisha, akaninyooshea mkono. "Hebu niione, mwanangu."

Nikampa, ningefanyaje? Akabonyeza ya kwanza, akabonyeza ya pili, akakigeuza kibao juu chini.

"Umefika ngapi?" akauliza. "Namba zake zinaonekana wapi?"

Jamvi zima likanigeukia. Mzee akabonyeza tena, akainama karibu zaidi, akisubiri namba.